Sindano ya Mwali

Temeke, 20 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Eda unaionaje? Miguu bado inavimba? Na Ba'mdogo Nurdin ameshakurudishia simu, au bado anashikilia kwamba sauti ya mjane isisikike ovyo? Yangu nayo imechukuliwa. Siku niliyoingizwa ndani kusubiri ndoa, somo wangu anayenifunda, Bi Mahfudha, aliniambia, "Mwali hachezei simu, mwali anachezewa ngoma," akaitia kwenye mkoba wake. Basi tumekuwa wafungwa wawili, wewe Kigamboni na mie huku kwa Shangazi Mwanaheri, na jirani yetu Loveness ndiye posta. Mungu ambariki na ndoo yake ya samaki, maana asingekuwa anakuja kuuza Temeke tungekuwa tumepoteana.

Huku wananipenda mno, na hiyo ndiyo taabu yangu. Asubuhi uji wa tende na samli, mchana wali wa nazi na boga, jioni maziwa na asali. Bi Mahfudha anataka mchumba wangu Mudathir akutane na mke aliyenona. Nikibakiza, anakaa mlangoni mpaka nimalize.

Insulini ile uliyonipa nimeifukia kwenye mtungi wa mchanga mbichi uvunguni, kama tunavyofanya nyumbani. Najichomea chooni, asubuhi na jioni. Lakini dozi ile ni ya chakula chetu, mama, si ya chakula cha mwali. Nikipima naona inapanda tu, na mdomo umekauka muda wote.

Shangazi peke yake ndiye anayejua, na amenikataza kusema. Naomba ruhusa yako nimwambie Bi Mahfudha kwamba nina sukari. Naogopa.

Mwanao,
Rukaiya


Kigamboni, 22 Januari 2025

Mwanangu Rukaiya,

Marahaba, mama. Miguu inavimba, acha ivimbe, haina safari yoyote. Ba'mdogo wako amehamia sebuleni kabisa, utadhani mjane ni yeye.

Ruhusa sikupi. Bi Mahfudha ni somo hodari lakini mdomo wake hauna kitasa. Akijua leo, kesho habari iko Kimara kwa mama mkwe wako Bi Widad, na mwanamke mwenye duka lake hatamwoza mwanawe mke wa sindano. Kwanza ndoa ifungwe. Mudathir akishakuzoea utamwambia taratibu, wakati ametulia. Na usiniletee msemo wa mficha maradhi, mie niliusikia kabla hujazaliwa.

Kumbuka marehemu baba yako alifumba macho akisema ndoa yako isiahirishwe hata yeye akiwa kaburini. Sitaki tumtie aibu huko aliko.

Sikiliza. Uji mwage kwenye beseni la kunawia. Maziwa mpe paka, kwa shangazi yako paka hawakosekani. Boga onja tu. Dozi ongeza kidogo, kama nesi alivyotuonyesha. Vumilia, mwanangu. Mie nilivumilia mengi kuliko hayo na nimefika hapa.

Mama yako


Temeke, 29 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini wewe u mzima. Mie si mzima, na sitakudanganya kwa sababu ya salamu.

Bi Mahfudha alifagia uvunguni akaukuta mtungi. Akapiga kelele, "Nani kaweka uchawi chumba cha mwali?" Shangazi akaja mbio, akasema ni dawa yake ya macho, akaubeba. Sasa insulini iko kwa Yuliana, jirani anayeuza barafu za ubuyu. Shangazi ameilaza chini kabisa ya friza, katikati ya barafu, na anajisifu: "Kama ubaridi wa mtungi unaitunza, wa friza utaitunza mara kumi." Asubuhi na jioni ananiletea kwenye pindo la kanga, imekuwa jiwe. Naiweka kwapani mpaka iyeyuke, ndipo najichoma.

Nimeongeza dozi, nikaongeza tena, haifanyi kitu. Kipimo hakitoi namba siku hizi, kinaandika HI, yaani sukari imepita pale kinapoishia. Nakunywa maji kama ng'ombe, na sijamaliza kunywa nishakimbilia chooni. Nakonda, mama. Pete ya posa inanivuka kidoleni.

Bi Mahfudha anasema hajawahi kuona mwali anayekula hivi akakonda hivi. Anadhani kuna jini. Ameniandikishia kombe la aya, nikalinywa lote, zafarani na maji ya waridi. Namwonea huruma, anaiona kazi yake inaharibika mbele ya macho yake na hajui sababu. Mie naijua na nimefungwa mdomo. Nipe ruhusa, nakuomba kwa jina la baba.

Mwanao,
Rukaiya


Temeke, 3 Februari 2025

Mama,

Loveness haonekani, na jibu lako sijalipata. Yuliana ameahidi kuivusha hii.

Natapika. Tumbo linauma. Nimelala tu lakini napumua kama niliyekimbia. Jana Bi Mahfudha aliniinamia kunipaka liwa, akaninusa, akacheka kwa furaha. Akawaita wanawake: "Njooni mnuse! Pumzi ya mwali inanukia tunda bivu! Dawa zangu zimeingia mpaka mapafuni!" Wakaja mmoja mmoja wakaninusa, wakapiga vigelegele. Nikawatabasamia, sikuwa na nguvu ya kufanya jingine.

Nijibu, mama.

Rukaiya


Kigamboni, 4 Februari 2025

Rukaiya,

Salamu baadaye. Barua zako mbili zimenifikia leo kwa pamoja. Loveness alikuwa anaumwa malaria, ile ya kwanza imelala kwenye mkoba wake siku zote hizi.

Insulini ikiganda imekufa! Umesahau? Nesi alituambia mimi na wewe, tumekaa benchi moja: baridi sawa, kuganda hapana. Unajichoma maji matupu, mwanangu! Na hiyo harufu mie naijua. Niliinusa ulipokuwa na miaka kumi na minne, kabla hujazimia pale kwenye mkeka, nikadhani umeiba nanasi. Si dawa za Bi Mahfudha hizo. Ni damu yako inageuka sumu.

Sema! Mwambie Bi Mahfudha, waambie wapiga vigelegele, mwambie hata anayepita njiani. Loveness amempigia shangazi yako, kajibiwa kwamba mwali mzima, anasingwa, tusimletee mkosi. Akakata.

Loveness anatangulia kwa pikipiki ya Shomari wa bodaboda na barua hii na chupa mpya kutoka kliniki. Mie nafuata kwa bajaji. Ba'mdogo wako amesimama mlangoni, anasema eda haivunjwi. Nimemwambia Mungu anaijua dharura yangu, yeye apishe. Asipopisha nitapita juu yake.

Mpe Bi Mahfudha asome hapa: Bi Mahfudha, dada yangu, mtoto ana sukari. Mkimbize hospitali sasa hivi, na hiyo liwa mwilini.

Mama


Kigamboni, 9 Februari 2025

Mwanangu Rukaiya,

Hujambo, mama? Loveness kaniambia umefumbua macho na umemtambua. Nililia mpaka nikapaliwa. Mie nilikaa nawe wodini mpaka ulipoacha kuweweseka, halafu Ba'mdogo wako akaja kunirudisha ndani. Sikubishana naye tena, sikuwa na nguvu.

Hukumbuki kitu, basi nikueleze. Nilimkuta Loveness bado kizingitini anabishana, mlango umefungwa, barua mkononi. Nikausukuma. Wanawake walipoona nguo zangu nyeupe walipiga ukelele, mjane wa eda kaingia chumba cha mwali! Nikawapita. Ulinitazama ukaniita Bi Mahfudha.

Nilipomwambia ukweli Bi Mahfudha alikaa chini sakafuni. Kisha akainuka akakubeba mgongoni mpaka kwenye bajaji. Shangazi yako alikuwa analia kwamba alitaka kukutunzia dawa. Najua alitaka. Hospitali kile kibanio cha kidoleni, cha kupimia hewa ya damu, kilikataa kusoma kwa ajili ya hina uliyopakwa, nesi akahangaika akakibana sikioni.

Bi Widad akatokea koridoni. Nikaona basi, liwalo na liwe. Nikamwambia nimesimama: "Mwanangu ana sukari, anajichoma sindano tangu mdogo. Mkitaka kuvunja uchumba, vunjeni." Akanishika mkono. Akasema, "Tunajua, dada. Mudathir alimwona kliniki kabla hata hajatutuma posa. Tulikuwa tunasubiri mseme wenyewe. Kuwauliza tuliona si adabu."

Walikuwa wanajua, Rukaiya. Nimefungiwa humu ndani na neno hilo, na silali. Nilikuwa nakuua kwa ajili ya kuficha kitu ambacho hakikufichika. Nijibu, hata mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Mama yako


Wodini, 13 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Naandika nimeegemea mto, nisamehe hati. Sukari imeshuka na siku hizi kipimo kinatoa namba. Figo daktari anasema zimeumia, hajui bado kiasi gani. Anasema nisubiri, na mie kusubiri ndiyo kazi ninayoijua.

Kukutukana sitaki. Lakini nimekasirika, mama, na sitaki kuambiwa tena nivumilie. Nililala pale kwa shangazi nikawatabasamia watu walionusa kifo changu wakakipigia vigelegele, kwa sababu wewe ulisema ruhusa hunipi. Hilo nitalisamehe, ila naomba muda.

Jana jioni Bi Widad alikuja na supu. Nesi akaleta sindano, nikamwambia Bi Widad kama anaogopa atazame kando. Hakutazama kando. Aliiweka supu chini akanishikia pindo la kanga, akaangalia mpaka nikaitoa sindano, akauliza kama inauma. Nikamwambia nimeshazoea. Papo nikakumbuka kwamba miaka yote hii, sijawahi kujichoma wewe ukiangalia. Ama unatoka nje, ama unageukia ukuta unajifanya kukunja nguo. Nilidhani ni huruma.

Ndoa inaweza kusubiri eda yako iishe, Mudathir amekubali. Mie wakiniruhusu nitakuja nyumbani kwanza. Ikifika saa ya sindano nitakaa hapo mbele yako, kwenye mwanga.

Usigeuze uso, mama.

Mwanao,
Rukaiya