Karatasi Nyekundu kwenye Meza ya Darlène

Rooty Hill, Sydney
14 Juni 2008

Mpendwa mdogo wangu Goreth,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote huko kambini. Mgongo unaendeleaje? Watoto wamepona malaria? Sisi huku miili ni mizima, ila baridi inatutafuna.

Nilikuambia kwa simu kwamba Darlène wangu anapima vali za visima vya gesi, nawe ukatangaza kanisani. Ni kweli, na hapa Sydney hakuna mtoto wa Mrundi anayemfikia! Vali hiyo hukaa chini, ndani ya kisima. Bomba la juu likipasuka, inajifunga yenyewe, gesi isiue watu. Ikishindwa jaribio, mwanangu huibandika karatasi nyekundu.

Sasa sikia aibu yangu. Mimi ndiye ninayefagia kiwanda hicho, kule Seven Hills. Mwezi jana walikuja wageni wakubwa. Nikaona mezani kwa Darlène vali tatu zina nyekundu. Wakati huo sikujua maana ya karatasi hizo, na unajua tulivyosoma sisi: nyekundu ni ya mwalimu, ni makosa ya mtoto. Nikasema, wageni wasione mwanangu amefeli. Nikazibandua zile karatasi, nikazing'arisha vali, nikazipanga pamoja na zile nzima.

Kesho yake zote zikapakiwa kwenye masanduku. Darlène akatazama daftari lake: tatu zilizofeli hazipo. Msimamizi akamrudisha nyumbani, eti mzembe. Nami nikanyamaza, Goreth. Siku mbili nampikia mtoto anayelia, namwambia, "Pole mama, wazungu ndivyo walivyo." Mdomo huu!

Siku ya tatu nikamwendea msimamizi, nikasema yote kwa Kiingereza changu kibovu, wenzangu wakisikiliza. Masanduku yakafunguliwa, Darlène akaitwa azipime upya. Nikaona kwa macho yangu moja inakataa kujifunga, maji ya kupimia yanapita tu. Nikawawaza watu wa kule kisimani. Nao wana mama zao.

Amerudi kazini. Mimi wameniachia ofisi tu nifagie, karakana nisikanyage. Asubuhi tunangoja treni moja, lakini yeye hupanda behewa la mbele, mimi la nyuma. Nikimsalimu, ananijibu kwa Kiingereza.

Wewe ni mama yake mdogo, anakusikia. Mwandikie. Usinitetee. Mwambie tu kwamba mama yake alionea haya kazi ambayo yeye aliifanya sawasawa.

Nisalimie shemeji Aloys, na Nibigira, na Armelle mdogo. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Dada yako akupendaye, hata katika aibu hii,
Mélanie