Namba Sita ya Mwisho

Jumatatu, 2 Juni

Kinyaa. Sina neno jingine. Nimefungua kaunta ya vipodozi asubuhi nikakuta sponji ile ile ya Jumamosi, imekauka kau, unywele wa mtu umeganda katikati. Sponji moja, nyuso arobaini! Nikaitupa. Madam, mwenye duka, akaiokota kwenye ndoo ya taka, akaipulizia marashi, akairudisha mezani. Eti bado nzima.

Mteja wa kwanza aliingia wanja umemchuruzika. Madam akalamba kidole chake, akamfuta nacho chini ya jicho. Mate! Na mteja akasema ahsante.

Mimi uso napaka mwenyewe nyumbani, kwa vidole vyangu, nilivyoviosha. Sheria ya Madam: muuzaji akija na uso mtupu anarudishwa nyumbani. Basi napaka. Fondesheni namba sita, ndiyo rangi yangu. Kidogo tu, puani na mashavuni, naivuta mpaka chini ya taya, naacha. Hata mama huwa hajui kama nimepaka kitu.

Jumanne, 3 Juni

Mzigo umefika. Namba moja, mbili, tatu, nne, zote za weupe. Maboksi yamejaa stoo, mengine yamepangwa mpaka chooni! Namba tano chache. Sita hakuna. Nikauliza. Madam akasema nyeusi haitoki, kila mtu siku hizi anataka kung'aa. Nikahesabu waliokuwa dukani: wateja saba, watano rangi yangu au kunizidi. Nikafyonza, kimoyomoyo.

Imebaki chupa moja ya namba sita duka zima. Ya kwangu nyumbani sasa naigonga kitako ndiyo itoe tone. Kope — mwenzangu wa kaunta, tunamwita hivyo kwa zile kope za bandia, moja siku zote inaning'inia — akasema nimwombe Madam aagize nyingine. Nani amwombe! Niliisukuma ile chupa nyuma kabisa ya droo yangu, chini ya vitambaa. Nitainunua. Nitasema tu siku nyingine.

Alhamisi, 5 Juni

Leo nimemdanganya mtu mchana kweupe.

Nesi. Mtu mzima, mpole, na viatu vyake vyeupe vya kazini. Miaka thelathini wodi ya wazazi. Kesho anapigwa picha, itundikwe ukutani pale mapokezi ya hospitali. Alisema yeye ndiye wa kwanza kuwekwa kwenye ukuta ule akiwa hai, akacheka mpaka akashika meza. Hajawahi kupaka chochote maishani. Anataka aonekane yeye, ila asionekane amechoka. Hayo tu.

Nikampeleka mlangoni, penye mwanga wa jua, nikaweka mkono wangu kando ya taya lake. Rangi moja. Hata ule wekundu wa kwa ndani, sawasawa. Namba sita, haina mjadala.

Nikafungua mdomo nikasema: mama, sita imeisha, nne itakukaa.

Nikamrudisha ndani, chini ya taa ya njano ya Madam inayomlaghai kila mtu. Nikampimia kwenye mgongo wa kiganja. Kiganja! Mimi, ninayewasema wenzangu kila siku kwamba fondesheni inapimwa tayani. Akatazama, akasema, wewe ndiye fundi, binti yangu. Akanunua.

Nilirudi nyumbani na chupa ya sita mkobani, sijailipia. Nilinawa uso mara tatu.

Ijumaa, 6 Juni

Mtu ameing'ata rangi ya mdomo ya kujaribia. Alama za meno zimeonekana, juu na chini. Mwingine akaja akajipaka hiyo hiyo. Uwii!

Nimeanza chupa mpya leo. Imekaa vizuri mno. Nimejichukia kwenye kioo.

Jumatatu, 9 Juni

Nesi amerudi. Na picha kwenye simu. Hakupiga kelele — heri angepiga!

Uso kijivu, kama amemwagiwa unga. Shingo nyeusi, masikio meusi. Kichwa cha mtu mwingine kimewekwa juu ya sare yake. Alisema mjukuu wake ameuliza huyu ni nani. Alisema wenzake wodini hawakucheka, walinyamaza, na hicho ndicho kilichomuuma. Mpiga picha kamhurumia, atarudia leo saa nane. Baada ya hapo fremu inafungwa, ndiyo basi.

Madam akadakia, meno yote nje: dawa yake poda tu, na tano kwa juu. Akachukua sponji. Ile ile! Akaipeleka usoni kwa yule mama. Nesi akarudi nyuma hatua moja, akaitazama sponji, akamtazama Madam. Miaka thelathini anajua uchafu ukoje.

Kisha akanigeukia mimi. Akanisogelea, akanitazama kama anavyotazama mgonjwa.

"Binti yangu, uso wako na shingo yako kitu kimoja. Na mimi na wewe tumefanana rangi. Wewe unapaka namba ngapi?"

Madam akanikazia macho, sponji bado mkononi. Kope akainamia droo yake.

Nikasema ngoja niangalie stoo.

Niko chooni. Naandika nimekalia boksi la namba mbili. Mkoba uko mapajani, chupa imo. Nimeifungua nikaitazama: imepungua vidole viwili, na mdomoni mwa chupa imeganda alama ya kidole changu. Nikimtolea, Madam ataijua. Kazi imekwisha hapo hapo, na jina la mwizi juu. Nisipomtolea, ataning'inia pale mapokezi na uso wa kijivu, na kila mama mjamzito atakayeingia atamtazama.

Saa saba na nusu.

Kope anagonga. Anasema nifanye haraka, Madam anamshawishi achukue tano, ila yule mama amekataa. Amesema ananingoja mimi, ananiamini.