Siku Yangu ya Kawaida, kwa Kiingereza

S.L.P. 63,
Uriri,
Migori.
16 Novemba 2025.

Mpendwa dada Nyanchama,

Pokea salamu kutoka huku Uriri, ambako mvua imekataa kukatika. Joto la Lodwar linakutendeaje? Na lile bega lako, limepata nafuu au bado unaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto? Sisi ni wazima. Onchiri amefikisha miaka miwili na meno ya nyuma yanamsumbua, kwa hivyo naandika nikiwa nimembeba mgongoni. Ukiona mstari umepinda, ujue amenivuta nywele.

Ningekupigia simu, lakini katika boma hili ukuta wa mabati hauzuii neno. Barua ataituma Orpah, mke wa shemeji mkubwa, akirudi Migori kesho.

Dada, nimepata nafasi. Shule moja ya chekechea kule Kendu Bay inataka mwalimu msaidizi kuanzia tarehe tano Januari, na inampa chumba chenye pahali pa kupikia. Mwalimu mkuu anataka kitu kimoja tu kabla ya mwezi huu kuisha: ukurasa mmoja wa Kiingereza, ulioandikwa kwa mkono wako mwenyewe, kuhusu siku yako ya kawaida.

Nilidhani ni rahisi. Nikafungua lile daftari la maneno ulilonipa nikiwa kidato cha nne, sasa hata jalada limetoka. Sisi husema kawaida tukamaliza; Wazungu wamelikata vipande. "Usual" nililielewa upesi: ni kuamka saa kumi na moja, kuwasha moto, kuchota maji, kupika chai ya mama mkwe isiyo na sukari. "Ordinary" ni kama sufuria yetu, haina sifa wala aibu. "Common" nikaona ni kitu ambacho kila mtu anacho, kama nyanya siku ya soko. Basi nikaandika kwamba mama mkwe wangu ni "a common woman".

Emmah, binti ya Orpah, yuko kidato cha tatu. Aliuokota ukurasa mezani, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamtafsiria bibi yake wote, na Kendu Bay ikiwa ndani.

"Kwa hivyo mimi ni mwanamke wa ovyo?" mama mkwe akaniuliza.

"Hapana, mama. Nilitaka kusema wewe ni mtu kama sisi sote."

"Hata hiyo si sifa."

Hivyo ndivyo alivyojua kwamba nataka kwenda.

Unajua vile kulivyo hapa. Joash wangu ni kitindamimba, na mke wa kitindamimba hubaki na mama. Napika kwenye jiko lake mpaka siku atakaponitegea mafiga yangu, niwe na jiko langu. Huu ni mwaka wa nne. Orpah alitegewa mwaka wa kwanza, akaenda zake mjini. Joash akija Ijumaa kutoka Isebania nikimwuliza, anasema tutaona.

Alhamisi tulikuwa tukichambua maharagwe, mama mkwe akaanza mwenyewe. Akasema yeye alipika kwa mama mkwe wake miaka tisa, ndiyo kawaida, na mtu huzoea.

"Ulizoea mwaka wa ngapi, mama?"

Tulimaliza ungo mzima. Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Sikuzoea. Nilichoka." Halafu akaongeza, "Lakini huendi."

Nilimhurumia, na bado namhurumia. Magoti yake ni mabaya, na ni mimi humsugua kwa mafuta. Lakini nikimtazama naona pale nitakapokuwa nimekaa nikifika umri wake. Nikamwambia kwa heshima kwamba nitamtafutia mtu wa kumchotea maji, na kila Ijumaa nitarudi tuifungue Sabato pamoja, ila tarehe nne Januari nitaondoka na mtoto wangu. Tangu siku hiyo ufunguo wa sanduku lenye vyeti vyangu ameufunga kwenye pindo la leso yake. Sitamnyang'anya. Ijumaa ijayo nitauomba mbele ya Joash, na safari hii sitakubali tutaona.

Ukurasa wenyewe nimeutia humu. Rekebisha Kiingereza, lakini usinilainishie. Pale nilipoandika kwamba kupika mwaka wa nne katika jiko la mwenzangu ni "usual", paache hivyo hivyo. Usije ukaweka "normal". Hilo la ndivyo inavyopasa kuwa nimelitazama kwenye daftari lako mara nyingi, na sitaliandika.

Msalimie shemeji Fanuel, na mbusu Beverlyne mashavu yote mawili. Mungu awape mvua kidogo ya hii yetu, na awalinde njiani mkija Desemba.

Mdogo wako anayekupenda na kukutegemea,
Nyamoita.

N.B. Mama mkwe amenikuta nikiandika, akauliza kama lile neno nimelifuta. Nimemwambia ndiyo, sasa nimeandika ni mwanamke aliyechoka. Hakusema nifute.