Mlango wa Gari Usiupake Rangi

Lukumani,

Sombe iko kwenye sufuria. ~~Kula yote.~~ Mubakishie dada yako.

Gari ya marehemu baba yako usiiguse. Asubuhi, ulipotoka kutafuta rangi, waasi wenye bunduki walikuja kuichukua. Ule mlango ulioukwangua kutu wiki nzima ulikuwa unang'aa mpaka barabarani, ndio uliowaita.

Nikawaambia, "Bon, chukueni, wanangu, lakini muangalie na upande wa pili."

Huko hujafika bado. Kutu imetoboa bodi, na kuku wangu anapita hapo kwenda kulalia mayai kwenye kiti cha nyuma. Mukubwa wao akaingiza mkono, kuku akamudonoa. Wenzake wakacheka, wakaenda zao. Watakaokuja kesho labda hawacheki.

Kwa hiyo mlango wako nimeumwagia maji ya chumvi ushike kutu tena, nikaupaka matope. Nuna, lakini kula kwanza. Rangi ifiche chini ya kitanda changu. Vita ikiisha tutapaka gari yote, na mimi nitakaa mbele.

Nimevuka mto kwenda Lubunga, narudi jioni. Kuku mupe mahindi. Leo gari iko yake.

Mama yako