Aliyeshika Kamba

Tarehe 3 Februari

Kwako Mama mkwe,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na presha? Mimi mzima, ni mkono tu bado. Watu wakiandika barua husema hofu ni kwako uliye mbali. Mimi siwezi kusema hivyo, maana hofu yote nimeibeba mwenyewe, sikukuachia hata kipande.

Nimefika salama. Tangu uliponifungulia geti sijageuka nyuma. Mji sitauandika, na nyumba ndiyo kabisa usiniulize. Dereva wa lori la saruji analijua duka anakoshusha mzigo tu, na barua zako nitazichukua hapo. Usichokijua, hata ukibanwa huwezi kukitema.

Nimepata kazi kwa dobi anayefua mashuka ya hoteli. Niliitaka kazi hiyo makusudi. Kutwa nimezama kwenye sabuni na dawa ya madoa mpaka vidole vimekunjamana, na nikitoka najinusa mikono najiambia, haya, ngozi hii hainuki mtu tena. Kisha nakumbuka ni pua ya nani inayonitafuta, nacheka peke yangu kama kichaa. Nimepanga chumba kwa fundi cherehani, mama asiyeuliza maswali. Kina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Nilikataa vyumba vizuri kuliko hicho kwa sababu vilikuwa na mlango mmoja.

Mama, kila mbwa akibweka barabarani nakimbilia mlango wa nyuma. Najua ni ujinga. Hakimu si mbwa wa kubweka ovyo. Nani amjuaye zaidi yangu? Tangu akiwa mtoto mimi ndiye niliyekuwa mkimbiaji wake wa mazoezi. Mume wangu, huyo mwanao, ananipa muda nijifiche, mtaroni, darini mwa ghala, nyuma ya matofali, kisha anamnusisha mbwa nguo yangu. Hakimu anakuja kimya njia nzima. Akinikuta ndipo anapotoa hukumu, ile sauti nzito ya kutoka tumboni, nami nampa kipande cha ini. Kwake mimi ni mchezo na ini. Hajui kwamba safari hii nimejificha kweli.

Na maneno ya mwanao siku aliyonivunja mkono hayanitoki. "Kimbia," alisema. "Utakwenda wapi ambako Hakimu hafiki? Nikikupata, hutarudi kwa miguu yako."

Wewe umeishi na mbwa wa aina yake tangu baba mkwe yuko hai. Niambie walitoka wapi na kasoro yao ni ipi. Lazima wanayo.

Mkweo


Tarehe 21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linaniambia mvua itanyesha, presha inaniambia nisilisikilize goti. Nipo. Mkono umeunga? Usibebe ndoo kwa mkono ule, mwambie huyo dobi nimekataza mimi.

Mwanangu yule, mumeo, alirudi jioni ile akakuta jiko baridi. Hakupiga kelele. Alikwenda bandani, akamfunga Hakimu kamba, wakashika njia. Mbwa alimpeleka moja kwa moja mpaka stendi, akazunguka pale ulipopandia basi, akaketi. Basi halina nyayo. Tangu hapo mwanangu anaulizia mji mmoja baada ya mwingine, na Hakimu amegoma kula. Analala pua imeingia chini ya geti.

Umeuliza walitoka wapi. Marehemu alivyoipenda hadithi hiyo, akiianza tu wageni walikuwa wanatafuta viatu vyao. Alisema zamani wawindaji walikuwa na mbwa wa mbio, wenye miguu mirefu, wanaowinda kwa macho. Mnyama akizama kichakani, basi, wamemkosa. Ndipo wakaanza kuchagua katika kila uzao yule mzito, mwenye pua, asiyekata tamaa, wakamzalisha na mwenzake, kizazi kwa kizazi, mpaka wakapata mbwa anayeweza kumfuata nguruwe pori aliyejeruhiwa jana yake. Baadaye wenye mashamba makubwa wakagundua kuwa pua inayomfuata nguruwe humfuata hata kibarua aliyetoroka. Hapo marehemu alikuwa anashusha sauti, maana babu yake mwenyewe alifuatwa hivyo, akapatikana. Nilimuuliza, sasa unawafuga wa nini? Akanijibu, "Bora kamba niishike mimi."

Sura zao unazijua. Mimi nasema wameazima ngozi ya mbwa mkubwa kuliko wao, ndiyo maana inawaning'inia usoni. Masikio yanaburuza chini. Marehemu alisema yanachota harufu na kuipeleka puani, lakini mimi niliyeyaosha najua yanachota uji. Rangi ya tofali lililoungua, mgongo mweusi, macho mekundu yaliyolegea kama ya mtu aliyetoka msibani. Huyu tulimwita Hakimu kwa sababu tangu mdogo anakutazama kama ameshalisoma faili lako. Na kwa tabia ni wapole mno. Hakimu hajawahi kung'ata hata kuku. Mkaidi, naam, ukimgombeza anaona haya, lakini ubaya hana. Kumwogopa yeye ni kumkosea. Wa kuogopwa ni anayekuja nyuma yake.

Kasoro ni moja. Anamfuata yule aliyenusishwa, hamfuati mwingine. Bila kitu cha kunusa ni mzee tu anayetembea. Nguo zako nimezichoma zote. Imebaki sweta ya kijani, hiyo mumeo ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, iko kabatini mwake.

Nakutumia shali yangu, dereva anasema huko kuna baridi. Inanuka dawa ya goti, vumilia.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami ninao wa pande mbili. Usiniulize upande upi umezidi.

Mama mkwe wako


Tarehe 10 Machi

Kwako Mama,

Shikamoo. Mkono umeunga, umepinda kidogo lakini unafua. Shali nimeipokea, na sitaifua kamwe. Mwenye nyumba ameniuliza kama nina ugonjwa wa viungo.

Hakimu anakula? Usinicheke. Namwogopa mchana kutwa na bado nawaza kama kuna mtu anamfuta macho. Mtilie mchuzi wa ini kwenye uji, umlishe kwa mkono.

Sasa sikiliza. Umesema anamfuata aliyenusishwa. Basi itoe ile sweta, ifue kwa maji ya moto, kisha uivae wewe ndani ya gauni lako. Lala nayo, pika nayo, mpaka iwe yako. Halafu irudishe kwenye mfuko. Siku mwanao akifika mji huu, atamnusisha, na Hakimu atamtafuta bibi kizee ambaye hajawahi kukanyaga huku. Atazunguka, ataketi. Mwanao ataona kwamba sipo, atakwenda kwingine.

Nimeligeuza jambo hili kila upande, sioni tundu. Jana nimelala usingizi wa kweli, wa kwanza tangu nije.

Mkweo


Tarehe 4 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hii naituma kwa posta, kupitia kwa nesi wa kliniki yako, maana sina mwingine. Lori limepita bila barua. Limepita tena, na dereva si yule. Nilimuuliza mwenzake yuko wapi, akasema ameacha kazi, akatazama pembeni.

Kama ni goti, mtu akuandikie. Kama ni jambo jingine, usiandike. Hapana, andika.

Leo nikianika mashuka nimeliona tundu, nikayaacha mashuka kikapuni nikaja kuandika. Kabla ya kila safari, mwanao humfungua mbwa pua getini, kama mtu anavyowasha gari lipate moto. Anamnusisha nguo hapohapo nyumbani, anamtembeza kidogo, ndipo anampakia. Mimi nilikuwa mafichoni siku zote, getini sikuwahi kusimama, nikasahau. Mama, siku atakayofanya hivyo usiwepo nyumbani. Nenda kliniki, nenda sokoni, nenda popote.

Mkweo


Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nesi amenipa barua yako ya geti. Imechelewa.

Nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti cha jiko namenya viazi. Mwanangu alimleta Hakimu getini, akafungua mfuko, akamnusisha sweta. Hakimu alinusa, akainua kichwa, akageuka. Nje hakutoka. Alivuka ua akimburuza mwanangu nyuma yake, akaja mpaka nilipo, akayaingiza masikio yale kwenye sufuria yangu ya viazi, akatoa hukumu. Mabati yalitetemeka. Na mimi, kwa mazoea, nikajikuta namtafutia ini.

Mwanangu alimvuta Hakimu pembeni. Aliichukua sweta, akainusa mwenyewe. Dawa ya goti. Akanitazama kama anavyomtazama mbwa anayefikiria kumuuza. "Kikulacho ki nguoni mwako, Mama," akasema. Kisha akaingia jikoni, akanichemshia chai.

Hapo ndipo nilipoogopa. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananichemshia chai na kuniuliza nimelalaje, na geti lina kufuli jipya. Hajanigusa. Angepiga kelele ningejua pa kumshika, ni mwanangu, nimemzoea. Upole huu siujui umetoka wapi. Alimfuata dereva wa saruji. Alichomfanya sijui, lakini dereva ametaja mji. Nyumba hakuitaja kwa kuwa haijui.

Na kuna jambo jingine baya. Ile kasoro niliyokutajia, kwako wewe haipo. Juzi mwanangu alisimama uani mikono mitupu, hana sweta wala kitambaa, akasema tu neno lile la mazoezi, "Mtafute." Hakimu aliinuka, akaenda getini, akasimama akitazama barabara. Harufu yako ndiyo aliyoijua kwanza duniani, hahitaji kukumbushwa. Mwanangu alicheka. Sasa anasubiri gari litoke kwa fundi, kisha anakuja.

Kwa hiyo nimeamua. Mbwa waliobaki ni watoto, hata bakuli lao hawalijui. Bila Hakimu, mwanangu ni kipofu katika mji wenye watu wote hao. Ijumaa ni siku yangu ya kliniki, siku pekee anayoniachia ufunguo, na yeye atakuwa kwa fundi. Nitatoka na Hakimu, mzee akimtembeza mzee mwenzake. Nesi ametupatia nafasi kwenye gari la mizigo la kaka yake. Nyumba yako siijui na wala usiniandikie. Hakimu atanionyesha.

Nikifanya hivi, mwanangu nitakuwa nimempoteza. Nimeliwaza hilo nikilia na bila kulia. Marehemu alisema bora kamba aishike yeye, na kwa maisha yake ilikuwa kweli, lakini alipokufa kamba ilimwendea nani? Nilimwona mtoto akiipokea, nikanyamaza. Yatosha.

Sasa shika neno langu. Ukimsikia Hakimu mtaani kwako, usikimbie na usifungue. Tazama kwanza aliyeshika kamba. Kama ni mimi, chemsha maji, goti litakuwa limevimba. Kama si mimi, unao mlango wa nyuma.

Mama yako


Tarehe 20 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii namwachia mwenye nyumba, yule fundi cherehani. Atakusomea kama macho yamechoka. Akija mwanamume kuuliza, atasema hapangishi.

Asubuhi nilikuwa navaa viatu niende kazini, nikamsikia. Nilijitupa chini. Mlango wa nyuma niliusahau, kila kitu nilikisahau isipokuwa neno lako, nikatambaa mpaka dirishani kumtazama aliyeshika kamba.

Hakuna aliyeishika. Ilikuwa inaburuza chini, imejaa tope. Nilitazama kona ya mtaa, nikatazama duka, nikatazama nyuma ya gari lililoegeshwa, nikingoja mwanao atokee. Hakutokea mtu. Hakimu aliendelea na hukumu yake mpaka majirani wakachungulia, nikafungua. Amekonda mno. Alinisukuma kwa kile kichwa, akanusa mfuko wangu. Ini sikuwa nalo, nikampa mkate, akaupokea kwa heshima tu.

Mama, kamba nimeinusa. Inanuka dawa ya goti. Kwa hiyo uliishika wewe, na mahali fulani umeiachia. Labda alikuvuta kwa furaha ukaanguka. Labda uko stendi, umekalia mzigo wako, unamtukana. Labda kuna mtu aliyewakuta njiani. Nikifika kwenye hiyo labda ya mwisho kalamu naiweka chini, kisha naiokota tena.

Naogopa. Siku ile ya kuvunjwa mkono sikuogopa hivi. Kama mwanao yumo humu mjini, kutembea barabarani na mbwa huyu ni kujitangaza. Mwenye nyumba ameniambia nijifungie, ningoje. Lakini kujifungia nakujua, ndiyo kazi niliyofanya miaka yote. Kila mara mimi ndiye niliyetafutwa. Kamba sijawahi kuishika hata siku moja.

Nimempa shali yako anuse. Amenusa, ameinua kichwa, na sasa amesimama mlangoni ananisubiri nimalize.

Ukifika kabla yetu, keti, usitoke kututafuta. Maji nimeyaacha jikoni yamefunikwa. Ukimsikia akitoa hukumu hapo nje, usiogope, Mama, fungua. Aliyeshika kamba ni mimi.

Binti yako