Mtani Hakasiriki

Mtani wangu Kulwa,

Meneja Maganga amesimamishwa kazi kuanzia leo. Ametangaza mwenyekiti wa bodi, Mzee Mhina, asubuhi, wafanyakazi wote wa redio tukiwa tumesimama kwenye korido kwa sababu viti havitutoshi, kama unavyojua. Kikao cha nidhamu ni Alhamisi. Nimeanza na habari mpya kwa kuwa hukupenda nizunguke. "Fatuma, kichwa cha habari kwanza, chumvi baadaye."

Sasa chumvi.

Tangu ufe, mitambo anaishika kijana kutoka Tanga mjini. Anajitahidi. Jana alisahau kufunga dirisha la studio, taarifa ya saa saba ikaanza na mbuzi wa jirani. Msikilizaji mmoja wa Handeni akapiga simu kusema mbuzi yule anasoma vizuri kuliko mimi. Najua ungemuunga mkono. Kanga yako bado iko kwenye kiti chako nyuma ya kioo. Hakuna aliyeambiwa asiiondoe, na hakuna aliyeiondoa.

Mwanaidi unamkumbuka, yule binti wa Mkata uliyemfundisha kutoimeza maikrofoni. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na mwenye kuamua kama ataajiriwa alikuwa Maganga. Ulipokuwa hai, Maganga alijua kuna macho yako nyuma ya kioo. Baada ya kukuzika akaanza kuingia studio na kufunga mlango. Akawa anamshika kiuno. Akamwita "mke wangu". Usiku akamtumia meseji aende gesti, huko huko Mombo tulikokuzika, wakazungumze habari ya ajira. Binti akikataa, kesho yake anakuta hana kipindi.

Akiulizwa mbele ya watu anacheka. "Huyu ni mtani wangu. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzigua. Mnataka kutufutia mila?"

Watu wakanyamaza, maana huku kwetu anayelalamikia utani huonekana hakulelewa. Hata mama yake Mwanaidi alimwambia avumilie, watani ndivyo walivyo. Binti aliniambia hilo lilimuuma kuliko kushikwa.

Mimi niliudhika kwa ajili yako. Watani wa ofisi ile tulikuwa mimi na wewe. Babu yako alitoka Tabora kuja kukata mkonge, babu yangu alilima mihogo Sindeni, basi miaka yote ile wewe uliniita mla makopa na mimi nikakuita mpagazi, nikikukumbusha babu zenu walivyobeba mizigo ya watu hadi pwani. Kila asubuhi uliniuliza kama nimekula cha maana au yale makopa yangu ya muhogo mkavu. Kila jioni nilikupa begi langu: beba, kazi ya ukoo wako hiyo. Ulilibeba, kisha ukalitundika juu kabisa nisipofika.

Hata siku ya mazishi sikukuacha. Nilivaa vile visikilizio vyako vikubwa, nikakaa mlangoni kwenu na kuzuia jeneza. Nikasema huyu hatoki, ana zamu ya jioni, hajaomba ruhusa. Mama yako, ambaye tangu msiba uanze hakuwa amesema neno, alicheka mpaka akashikiliwa. Kisha akalia. Nikapisha. Mwanaidi alikuwepo, ameegemea ukuta. Maganga naye alikuwepo, na alicheka kama wengine.

Bodi ilikaa juzi, baada ya Mwanaidi kupeleka malalamiko yake mwenyewe, na mimi na mhasibu tuliitwa tuwepo. Mzee Mhina alimtaka asome meseji zilizokuwa kwenye simu. Akazisoma, sauti ileile ya taarifa ya habari, bila kukimbia. Maganga akatabasamu. Akasema hata hizo ni utani, na kwamba mzee mwenyewe ni mtu wa Handeni, anazijua mila.

Hapo binti akaomba ruhusa. "Mzee, kama ni utani, naomba na mimi nimtanie. Tangu nije sijawahi kumjibu."

Mzee Mhina akasema, "Haya."

Mwanaidi akamgeukia Maganga. "Mpagazi wewe, babu zako walibeba meno ya tembo hadi pwani bila kuyumba. Wewe umepewa tumbo moja tu, tena lako mwenyewe, na kutoka getini hadi ofisini unapumzika mara mbili."

Mhasibu alijificha nyuma ya kitambaa chake. Mimi nilitazama dari. Wajumbe wawili walicheka waziwazi. Maganga alisimama, akapiga meza. "Koma. Unajua unaongea na nani? Mimi ni bosi wako, sio rika lako."

Mzee Mhina alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mtani hakasiriki, Bwana Maganga. Kwa hiyo tunaongea na bosi. Binti, hebu zisome tena hizo meseji. Safari hii tuzisikie kama za bosi."

Akazisoma tena. Maneno yaleyale. Hakuna aliyecheka.

Nilimuuliza Mwanaidi baadaye alilitoa wapi wazo lile. Akasema alilitoa kwako, siku moja kwenye chumba cha mitambo, mimi nilipokuwa nimetoka kukutukana na wewe unafuta machozi ya kicheko. Ulimwambia: "Utani ni barabara ya lami, mwanangu. Magari yanakwenda na yanarudi. Ukiona maji yanakwenda upande mmoja tu, hiyo siyo barabara, ni mtaro."

Hukuniambia mimi neno hilo. Nadhani uliona sina haja nalo.

Mwanaidi amerudishiwa vipindi vyake vyote, na suala la ajira yake ataliamua mtu mwingine. Mama yake alikuja leo kutoka Mkata na kuku mmoja mkononi, akamkabidhi bila maelezo. Mlango wa studio sasa una kioo kama kile chako. Shauri halijaisha. Maganga ana haki ya kujitetea, na nimeitwa kuwa shahidi. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu. Niliyoyasikia nitawaachia walioyaona.

Jumapili nilimpelekea mama yako makopa. Akayapokea kwa mikono miwili, akayanusa, akaniuliza kwetu Sindeni tumekosa chakula cha binadamu. Nikajua yuko sawa. Nikajua pia ulikoupata mdomo wako.

Nimeridhika, Kulwa. Sikudhani ningekuandikia neno hilo mapema hivi.

Sasa tua mzigo, mpagazi. Umebeba vya kutosha. Alhamisi nikitoka mbele ya kikao napanda basi la Mombo, naja kaburini kukupa matokeo, kichwa cha habari kwanza. Nitakuja na begi langu, na nitalibeba mwenyewe.

Kikao kinaanza saa tatu asubuhi.

Mtani wako, mla makopa,
Fatuma