Wakwe Wamejipikia Kwangu

Persis, wakwe wa binti yangu Ashley, wazazi wa Benard, wametoka hapa sasa hivi. Wamejipikia. Kwenye jiko langu.

Nilitaka kununua kila kitu jana. Ashley akanikataza. Eti kwenye masters yake ya ugavi wamefundishwa kwamba kurundika vitu mapema ni hasara. Kuku na maziwa vifike wakati vinahitajika tu.

Leo vikakwama njiani, huko Ekerenyo. Mvua ilinyesha, bodaboda ikalala kwenye matope.

Wageni wakafika mapema kutoka Homa Bay. Wakaulizia chai. Mimi, mtu mzima, nikawaambia maziwa yako njiani.

Jikoni kulikuwa na unga na chumvi. Mama Benard akachungulia, akachukua samaki waliotuletea zawadi, akajifunga leso. Mahari haijatajwa, Persis, na mama mkwe anakaanga kwangu! Kwangu!

Tukakaribishwa mezani. Sisi.

Mama Benard akamuuliza Ashley, "Kwani huko chuo unasomea nini?"

"Kufikisha bidhaa kwa wakati."

Baba Ashley akaangalia dari. Nikajua harusi imeisha.

Mama Benard akamwongezea Ashley ugali. "Kula, mama. Sokoni atakuwa anaenda Benard."